Upawa, Jiwe la Kunolea na Mkwe Wangu

Nyinyi mnaojifunza upishi pale Kitui mjini mlinialika nije niwaeleze jinsi ya kupikia watu wengi. Nilikuja, mkanipa soda na kiti chenye mto, na mwalimu wenu akanitambulisha kuwa mama wa nidhamu, mama aliyefunzwa na Mchina kuitawala nafsi kwa njia ya mti, moto, udongo, chuma na maji. Mkapiga makofi. Halafu msichana mmoja wa nyuma, mwenye nywele fupi, akauliza kwa adabu kabisa kama ni kweli mimi ndiye Mama Upawa. Mkacheka wote. Nami nikacheka, nikasema hiyo ni hadithi ya siku nyingine, nikarudi kwenye habari za maharagwe.

Nilipofika nyumbani chakula hakikupita. Mtu wa umri wangu anasifiwa nidhamu mbele ya watoto, halafu akiulizwa swali moja tu anakimbilia maharagwe. Basi nawaandikia. Macho yangu yalifanyiwa upasuaji mwaka huu na sasa naona mstari vizuri, kwa hiyo sina kisingizio. Waliocheka kwa sababu wanaijua hadithi hii wataicheka tena. Waliocheka kwa kufuata wenzao wasome kwanza.

Nilianza kazi katika jiko la shule moja ya bweni upande wa Nunguni, kule juu ambako baridi huingia mpaka ndani ya unga. Tulipikia kuni, na wakati wa mvua kuni za kule hulia badala ya kuwaka. Mpishi mkuu alikuwa Mama Kavata, mwanamke mnene asiyependa maneno, aliyenifunza kwa kunichapa kofi mkononi. Ukitia chumvi kwenye maharagwe kabla hayajalainika, kofi, kwa sababu ngozi itakaza na utayangoja mpaka jioni. Ukimwagia moto maji ili upunguze ukali wake, kofi, kwa sababu jivu litaruka mpaka kwenye sufuria. Moto wa kuni hupunguzwa kwa kuvuta kuni nje. Hayo mawili yashikeni hata kama mnapikia gesi na kupimia muda kwa simu, maana iko siku gesi itaisha na simu itazima, na watu watakuwa wamekaa na sahani zao wakiwatazama.

Huko Nunguni niliwahi kuunguza ugali wa shule nzima kwa sababu nilikuwa mlangoni nikigombana na mtu wa maziwa. Nikapakua wa juu, nikauacha ulioungua chini, nikadhani nimewaweza. Harufu ya moshi haifichiki. Watoto wakatunga wimbo, wakauimba wakienda darasani, na jina langu lilikuwa ndani. Siku hiyo Mama Kavata hakunichapa. Alisema tu, "Syombua, mikono yako ni mizuri. Ni mdomo wako ndio unapika vibaya." Kwa hiyo mimi na aibu tumejuana kutoka zamani, hatukukutana Ikutha.

Ikutha nilikwenda miaka mingi baadaye, watoto wangu wakiwa wamekua. Barabara ya lami ilikuwa ikijengwa kusini mwa Kitui, na kambi ya wajenzi ilitaka mpishi. Jiko lilikuwa moja, la mabati, lenye pande mbili. Upande mmoja mpishi wa Kichina, Mzee Luo, aliwapikia Wachina wenzake. Upande wa pili mimi niliwapikia vibarua wetu: muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, ndengu, ugali na kabeji, na nyama ya mbuzi siku za bahati. Lakini mkubwa wa jiko lote alikuwa yeye. Vibarua walimpa jina la Kyalo, yaani safari, kwa kuwa alitoka mbali. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa, na Kiswahili chake alikiokota kwa vibarua pamoja na matusi ya Kikamba ambayo yeye alidhani ni salamu. Nilimwacha aamkue watu hivyo muda mrefu kabla sijamwambia. Hilo pia silo la kujivunia.

Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa kisu, Mzee Luo alinawa mikono akasimama mbele ya jiko ambalo halijawashwa, macho ameyafumba, akipumua polepole. Mama mmoja wa kanisani kwetu alisikia, akampelekea mchungaji habari kwamba Syombua anaabudu sanamu Ikutha. Mchungaji alipokuja kuniuliza, nilimwambia kitu pekee nilichomwona Mzee Luo akikiinamia ni mtungi wa gesi, akisikiliza kama unavuja.

Akimaliza kusimama, alinigeukia na kuuliza, "Leo wewe nani?"

Hakuwa ananiuliza jina. Kwao, alisema, vitu vyote vina tabia tano, na mtu naye anazo zote, ila kila siku mojawapo huamka mapema kuliko nyingine. Hasira ni mti, kwa sababu husukuma kwenda juu na haipendi kuinamishwa. Furaha iliyopita kiasi, ile ya kelele na kucheka ovyo, ni moto. Mawazo mengi ni udongo. Huzuni ni chuma. Hofu ni maji. Hakuna iliyo mbaya, alisema, ubaya ni kutoijua iliyoamka, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoshika upawa. Na kila moja ina mwenzake wa kuirudi. Ukimwambia wewe leo ni moto, alikupeleka kwenye maji, uoshe mchele na vyombo mpaka utulie. Ukimwambia ni maji, alikupa beseni la viazi vyenye udongo umenye, kwa sababu udongo ndio huzuia maji, kama tunavyojenga silanga zetu, yale mabwawa ya maji ya mvua. Aliyeamka chuma alikaa motoni, maana moto huyeyusha chuma. Aliyeamka udongo alitumwa bustanini na kwenye kuni, kwa kuwa mizizi ya mti hupenya udongo. Na aliyeamka mti alipewa chuma: visu vyote vya jiko na jiwe la kunolea.

Mimi nilicheka. Nilimwambia kwetu mtu akiwa na hasira anakunywa maji na kuendelea na kazi. Lakini nilichunguza, kwa sababu mimi si mjinga, na baada ya muda mfupi nikawa najua jibu gani lina kazi gani. Bustani ilikuwa nyuma ya jiko, kwenye kivuli, na juu ya ua ungeweza kuongea na wanawake waliokuwa wakienda sokoni. Basi kila asubuhi nilijibu, "Udongo." Mzee Luo akinitazama, akisema, "Kila siku udongo," mimi naitikia ndiyo, mzee, mawazo ni mengi, watoto, karo, mvua. Na naondoka na kikapu.

Jiwe la kunolea ndilo sikulitaka kabisa, na hapa nataka mnielewe. Kazi yenyewe si mbaya. Unaloweka jiwe mpaka liache kutoa mapovu, unalaza kisu karibu kabisa na jiwe, unasukuma kwa mkono mwepesi, ukigeuza upande kila mara, na mwisho unakijaribu kwenye nyanya. Kisu kikiteleza juu ya ngozi, rudi. Kikiingia kwa uzito wake chenyewe, tosha. Ni kazi inayotaka utulivu, na ukiifanya kwa papara unakata kidole. Lakini Mzee Luo alikuwa ameliweka jiwe lile mlangoni, juu ya gogo, mahali ambapo kila kibarua alipita. Na vibarua walikuwa wamekwisha kuujua mchezo wake, wakiulizana wenyewe kwa wenyewe kwa utani, leo wewe nani, leo wewe nani. Ukikaa pale na visu, kambi nzima inajua umeamka na hasira. Mimi, mwanamke mzima, mshiriki wa kanisa, nikae mlangoni watu wanisome kama bango? Nikaona bora udongo.

Nikaendelea hivyo mpaka siku Kimanzi alipoandikwa kazi.

Kimanzi ni mume wa binti yangu Mwende. Wakati huo walikuwa hawajamaliza muda mrefu katika ndoa, wana mtoto mchanga, na shamba lao lilikuwa halijatoa kitu kwa kukosa mvua. Alipata kazi kwenye genge la kuweka kalvati, yale mabomba makubwa ya saruji yanayopitisha maji chini ya barabara. Siku ya kwanza mchana nilikuwa dirishani napakua, nikaona mkono umeshika sahani, nikainua macho, ni yeye. Nikajitupa chini ya meza. Yeye naye, nilivyoambiwa, aligeuka akaondoka kwenye foleni kana kwamba ameumwa na nyuki.

Nyinyi vijana mtauliza kwa nini. Kwetu Ukambani kuna nthoni, heshima na aibu iliyo kati ya mtu na muthoni wake, yaani mkwewe. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani mpaka mwingine apite. Hamtajani majina. Kama lazima mseme jambo, mnasemea ukutani, mmoja huku, mwingine kule. Najua siku hizi wengi wenu mnapeana mikono na mama wakwe kanisani na kupiga picha nao, na sisemi mnakosea. Lakini nyumba yetu ya Matinyani ilishika, na nyumba ya kina Kimanzi ilishika.

Shida ilikuwa kwamba sheria ya kambi ilitaka kila kibarua apange foleni mwenyewe na sahani yake, na aliyepakua ni mimi. Kimanzi akaacha kuja. Mchana wa Ikutha, mwanamume anasukuma saruji juani bila kula. Niliona. Kila siku nilitafuta ule mkono kwenye foleni na haukuwepo. Nilijua kwamba akianguka kwa njaa atafukuzwa kazi, kwa sababu waliokuwa wakingoja nafasi langoni walikuwa wengi, na nilijua Mwende na mtoto wanategemea kazi hiyo tu. Na dawa ilikuwa rahisi kabisa. Ningemwambia Mzee Luo tubadilishane dirisha mchana. Ila ningelazimika kumweleza ni kwa nini, na niliona haya. Nilijiambia huyu Mchina atanicheka, atasema Wakamba ni watu wa ajabu. Kwa hiyo nilinyamaza, na kunyamaza kukaanza kuchacha ndani yangu. Nikaanza kumlaumu Kimanzi. Kwani hakujua nafanya kazi pale? Kwani hakuna kazi kwingine?

Kulikuwa na kibarua mmoja mtani, Nzioki, ambaye mdomo wake haukupumzika hata akila. Jioni moja alipita karibu na jiko akasema kwa sauti kwamba mkwe wa mama amekataa chakula cha mama, anasema ndengu zake zina mawe. Ilikuwa uongo wake mwenyewe. Mimi nililala nayo.

Asubuhi Mzee Luo akauliza, "Leo wewe nani?" Wanangu, nilikuwa mti mpaka kwenye kucha. Nilikuwa msitu. Nikajibu, "Udongo." Alinitazama kwa muda, nikadhani atakataa, lakini akanielekeza kwenye kuni kama kawaida. Nikapasua kuni asubuhi nzima, na kila gogo nililolipasua lilikuwa na kichwa cha mtu. Mtu mwenye hasira akipewa shoka, hasira inaongezeka. Kama ningesema ukweli, ningekaa mlangoni na visu, jua likipanda, mkono ukienda na kurudi, na pengine watu wangenicheka kidogo. Hilo dogo ndilo nililolikimbia.

Mchana Nzioki alifika dirishani, akatoa sahani, akaniuliza kama leo nimechagua mawe. Sijui nilitokaje. Nakumbuka niko nje, upawa mkononi unadondosha ndengu, napita katikati ya vibarua walioketi wakila, nakwenda kwenye rundo la kalvati ambako nilisikia Kimanzi huketi. Nilimkuta. Alikuwa ameegemea bomba, mkononi ana kipande cha muhogo uliochomwa, umekwisha kupoa, ambao Mwende alimfungia asubuhi kwenye karatasi ya nailoni. Na mimi nikapaza sauti, kambi nzima ikasikia: "Wewe Kimanzi mwana wa Mutua, chakula changu kina nini? Binti yangu uliweza kumchukua, chakula changu ndicho kinakushinda?"

Nilimtaja. Nilimtaja yeye na baba yake, nikiwa nimesimama mbele yake, uso kwa uso.

Kimanzi alishika reflekta yake, ile fulana ya rangi ya chungwa ya watu wa barabara, akaivuta juu akajifunika uso. Mwanamume mzima, mwenye nguvu za kusukuma saruji, ameketi chini amejifunika kichwa, na muhogo umeanguka mchangani. Hakuna aliyecheka. Hata Nzioki alikuwa ametazama pembeni. Nilihisi kitu cha moto mguuni, kumbe ni ndengu zinanidondokea, na ndipo nilipojiona. Kimanzi akasimama, uso bado umefunikwa, akaondoka akipapasa kuelekea barabarani. Siku ile hakurudi, wala kesho yake.

Hiyo ndiyo hadithi mnayoicheka. Wanaoisimulia huishia kwenye upawa. Sijawahi kumsikia mtu akisimulia muhogo.

Kesho yake asubuhi Mzee Luo alinawa mikono, akasimama, akapumua, akanigeukia. "Leo wewe nani?" Nikamwambia sijui, mzee, ninayo aibu tu, na aibu haimo kwenye tano zako. Nikamweleza yote, ya nthoni, ya dirisha, ya mkwe wangu. Hakucheka. Alifikiri, akachukua debe la maji, akaniita bustanini.

Mnaijua bustani ya nchi kavu: kila kitalu kina tuta la udongo pembeni ili maji yasikimbie. Alibomoa tuta moja kwa mguu, akamwaga maji. Yakakimbilia njiani, mboga za sukuma wiki zikabaki kavu. Kwenye kitalu cha pili akarundika udongo mpaka magotini, akamwaga maji kwa nje. Yakagonga ukuta yakarudi kwenye viatu vyake. "Aibu ni udongo," akasema. "Iko nzuri. Kazi yake kushika maji, mti anywe. Hapa hakuna tuta, mti nakufa. Hapa tuta kubwa sana, mti nakufa. Wewe jenga kubwa, kubwa, halafu siku moja piga teke."

Nililia pale kwenye sukuma. Mzee Luo akaniachia debe akarudi jikoni, na siku hiyo alipika pande zote mbili peke yake.

Nilikwenda kwa Mwende kwa miguu. Nilimkuta akipepeta ndengu, mtoto mgongoni. Hakunikaribisha kiti. "Mama, umemvua mume wangu nguo mbele ya watu," alisema. "Watu wa kwao wananiuliza mimi nimezaliwa na nani." Nikaingia jikoni mwake, kijumba cha fito na udongo, nikakaa chini. Baada ya muda nikasikia mtu ameketi upande wa nje wa ukuta, nikajua ni Kimanzi. Nikausemesha ukuta. Nilisema habari za kazi, kwamba nafasi yake haijachukuliwa, kwamba Mzee Luo amemwomba msimamizi. Nilisema habari za mtoto, za mvua. Neno samahani lilifika kwenye meno likarudi.

Kimanzi akaniita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, mimi sikukataa chakula chako. Nilikuwa nangoja tu mtu aweke pazia."

Pazia. Mwanamume alikuwa anangoja kipande cha gunia. Na Mzee Luo, bila kuambiwa na Kimanzi, alikuwa amekwisha kulitundika siku hiyohiyo: alipasua gunia la mchele, akalifunga kwenye dirisha dogo la pembeni, chini akaacha nafasi ya sahani kupita. Kimanzi akarudi kazini. Akawa anakuja mchana, anapitisha sahani chini ya gunia, naona mkono tu, kidole gumba chenye ukucha mweusi uliobanwa na kalvati. Napakua, narudisha. Nilimwekea nyama iliyonona, mpaka vibarua wengine wakagundua, wakaanza kupanga foleni kwenye gunia wakidai wote ni wakwe zangu. Nzioki alidai ameoa mabinti zangu wawili.

Ukoo wetu ulitoa mbuzi kwao, kama ilivyo desturi, wazee wakala wakasema jambo limekwisha. Mbuzi aliliwa, mifupa wakapewa mbwa, aibu ikabaki kwangu.

Mnadhani baada ya hapo nilianza kusema ukweli asubuhi. Mwalimu wenu anadhani hivyo. Nilirudi kwenye udongo. Nilikuwa mpole zaidi, ndiyo, na mdomo niliufunga, lakini swali lilipokuja nilijibu lile lile, kwa sababu baada ya siku ile niliona macho ya kambi yote yakingoja kuniona kwenye jiwe. Barabara ilipokwisha na Wachina wakahama, Mzee Luo alinipa jiwe la kunolea, amelifunga kwa gazeti. "Hii yako," akasema. "Wewe hapana kaa hapa hata siku moja." Alisema bila ukali, kisha akaniamkua kwa lile tusi la Kikamba, na safari hii alijua maana yake, akacheka. Nililitia jiwe chini ya kitanda changu Matinyani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha wangu chini ya kitanda, ndani ya gazeti.

Sasa magoti yangu yamekwisha, na kabla ya upasuaji macho yalikuwa yameingia ukungu. Mwende akaja kunichukua nikakae kwao Ikutha. Kwetu mama kwenda kulala kwenye boma la mkwe ni aibu kubwa, nilikataa nikakataa, mwishowe nilianguka na sufuria ya uji nikakubali. Nilikuta Kimanzi amenijengea chumba changu, chenye mlango wake mwenyewe kwa nje, kimegusana na jiko. Kwenye ukuta wa katikati alikuwa ameacha dirisha dogo, na kwenye dirisha ametundika gunia la mchele. Chini ameacha nafasi ya sahani. Mwende akiwa sokoni, chakula changu hupita hapo, na mkono ninaoujua.

Siku moja kabla ya kwenda Kitui kufanyiwa macho, Mwende alikuwa bado sokoni. Nilikaa kitandani mchana ule nikiogopa. Watu walikuwa wamenieleza kwamba jicho hukatwa ukiwa macho. Nilisikia Kimanzi akiwasha moto upande wa pili, nikasikia pia sauti nyingine, ya chuma ikienda na kurudi juu ya jiwe, polepole, kama inavyotakiwa. Mwende alikuwa amelileta jiwe langu pamoja na vitu vingine, mimi sikujua. Sauti ikakoma. Akasogea karibu na gunia.

"Mwaitu," akasema, "leo wewe nani?"

Hakuwa amewahi kuniuliza hivyo. Hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu barabara iishe. Jibu la zamani lilikuwa tayari mdomoni, nililifungulia kinywa. Halafu nikaona, nina miaka hii yote, kesho nakatwa jicho, na mtu aliye nyuma ya gunia hili ndiye niliyemfanya ajifunike uso kwa sababu sikutaka kusema neno moja.

"Maji," nikasema. "Mimi leo ni maji, muthoni. Naogopa."

Gunia likasukumwa kidogo kwa chini, na likapita beseni la viazi vitamu vyenye udongo wake wote, na kisu juu yake. Nilikigusa kwa kidole gumba. Kilikuwa kimenolewa vizuri kuliko nilivyowahi kunoa mimi.

Nikamwita kupitia gunia, nikamwambia lile neno lililofika kwenye meno likarudi miaka ile. Nilisema samahani, ya upawa, ya jina lake na la baba yake, ya muhogo ulioanguka. Nilisema vibaya, nikilia, na sijui kama yote yalisikika.

"Menya kwanza, mwaitu," akasema. "Maji yanachemka."

Nikachukua kiazi cha kwanza, nikaanza kumenya.